Eti mahakama za Arusha hazituhusu sisi wa Lusewa?

Mniwie radhi kwa ukimya, ndugu zangu. Nilikwenda nyumbani Lusewa. Mnaoijua njia ile, ya kutoka Songea hadi Namtumbo, kisha kuiacha lami na kulikamata vumbi kuelekea kwetu, mnajua kwamba ukishafika umefika, habari za mtandao unaziacha njiani. Nimerudi mjini juzi na jambo moja limenikaa kooni. Leo nalitema.

Tulikuwa tumekaa nje ya ghala la chama cha msingi, wakulima, vijana wa bodaboda na mimi na kalamu yangu. Maongezi yakahama kutoka bei hadi uchaguzi, kama kawaida yetu. Nikasema (labda kwa kujionyesha kidogo, mwandishi akirudi kijijini lazima ajionyeshe) kwamba kuna hukumu za Arusha kuhusu uchaguzi wetu ambazo mpaka leo hazijatekelezwa. Mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa pale akacheka. Akasema: "Hizo ni mahakama za wakubwa na wafadhili wao. Zinamhusu nini mkulima wa Lusewa? Nchi hii ina mahakama zake, tena ina uhuru wake." Watu wakacheka naye. Nami nikakosa jibu la haraka, nikacheka nao. Aibu ile ndiyo imenileta hapa.

Jibu langu, bwana mkubwa, lilikuwa hatua kumi tu kutoka ulipokaa. Lilikuwa mizani.

Kila mkulima wa kwetu anaijua mizani. Anajua mnunuzi akiwa na mizani yake peke yake kilo hupotea, na anawajua wale wa kangomba wanaokuja usiku na vipimo vyao vya kubuni. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huja kutoka nje ya kijiji, na mawe yake, akapima mizani na kuweka alama. Sijawahi kumsikia mtu wa Lusewa akisema yule bwana ameingilia uhuru wa kijiji chetu. Hanunui ufuta, hapangi bei, wala hamwambii mkulima amuuzie nani. Anachotaka kujua ni kama mizani inasema kweli. Na anatoka nje kwa sababu mwenye mizani hawezi kujikagua mwenyewe!

Mahakama za kanda kwenye uchaguzi zina kazi hiyo hiyo. Hazimchagui rais. Hazihesabu kura za Namtumbo. Zinaangalia kama kanuni mlizotunga wenyewe zinafuata mkataba mliousaini wenyewe. Narudia, mliousaini wenyewe, maana wanaopiga kelele za uhuru wa nchi husahau kwamba hakuna aliyemshika Tanzania mkono akamlazimisha kusaini.

Wengi tunazichanganya mahakama hizi kwa sababu zote zimepanga Arusha. Kulikuwa na ile ya mauaji ya Rwanda, iliyofungwa mwisho wa mwaka 2015. Hiyo siizungumzii. Ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Umoja wa Afrika. Na ipo Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ya jumuiya yetu hii ya majirani. Hizo mbili ndizo hoja yangu.

Tuanze na Mchungaji Mtikila. Umkubali usimkubali, yule mzee alikuwa king'ang'anizi. Mwaka 1993 alikwenda Mahakama Kuu Dodoma akidai Mtanzania awe na haki ya kugombea bila kuwa na chama. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Bunge likafanya nini? Likapitisha Sheria namba 34 ya mwaka huo huo wa 1994, likaandika ndani ya Katiba kwamba mgombea lazima atokane na chama. Mtikila akarudi tena. Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa tena haki. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hili ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Bunge lile lile! Ni sawa na kumwambia mkulima aliyepunjwa kilo akashtaki kwa mwenye mizani.

Hapo ndipo Arusha ilipoingia. Mtikila kwa upande mmoja, na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa upande mwingine, walifungua kesi mwaka 2011, zikaunganishwa. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mahakama ile izaliwe kuitia nchi hatiani baada ya kusikiliza kesi yenyewe. Nchi hiyo ilikuwa mwenyeji wake, Tanzania. Mwaka uliofuata ikaamuru hata muhtasari wa hukumu utafsiriwe kwa Kiswahili na kuchapishwa gazetini, wananchi wasome.

Mtikila alishinda mara tatu mahakamani, na hakugombea kama mgombea binafsi hata mara moja. Alikufa kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, siku 21 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi huo ukapita bila mgombea binafsi, wa 2020 ukapita, wa 2025 ukapita.

Sasa nimjibu yule mtumishi kuhusu mkulima wa Lusewa. Nina baba mdogo. Miaka kadhaa iliyopita alitaka udiwani. Akaingia kura za maoni za chama chake (chama sikitaji, kilichomkuta kimewakuta watu wa vyama vyote) akaongoza, watu wakamshangilia mpaka usiku. Jina likapanda juu na likashuka bila yeye. Hakupewa sababu wala barua. Wanakijiji wakamwambia, gombea mwenyewe, sisi tunakujua wewe, hatujui kadi. Akaja kuniuliza mimi, kijana wake msomi, afanyeje. Nikamwambia, baba, sheria hairuhusu. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi ni raia au ni mali ya chama?"

Akahamia chama cha pili kwa wiki mbili, apate tu pa kusimamia. Chama cha kuazima ni kama suti ya kuazima, kila mtu aliona kwamba si yake. Akashindwa, na tangu siku hiyo upande mmoja humwita msaliti na upande wa pili humwita mpita njia. Huyo ndiye mkulima wa Lusewa ambaye hukumu ya Arusha haimhusu, eti! Kama kuna Mtanzania inayemhusu, ni yeye, kuliko mwanasiasa yeyote wa Dar es Salaam mwenye chama chake mfukoni.

Lakini hukumu kubwa kwangu ni ya pili. Katiba yetu, Ibara ya 41(7), inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa ni Rais, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge wa Namtumbo ukiona ameshinda kwa hila unaweza kwenda Mahakama Kuu pale Songea, ukaweka dhamana ya gharama, kesi ikasikilizwa. Rais, hapana. Yaani nafasi yenye madaraka makubwa kuliko zote ndiyo ambayo mizani yake hairuhusiwi kukaguliwa. Wakili Jebra Kambole akaipeleka ibara hiyo Arusha, na tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ikasema inavunja haki ya mtu kusikilizwa. Ikaiamuru Tanzania irekebishe Katiba ndani ya muda unaofaa na itoe taarifa baada ya miezi 12.

Nisiwe mnafiki, nailaumu mahakama pia. "Muda unaofaa" ni nini? Kwa mkulima muda unaofaa ni kabla ya mvua. Hukumu ilitoka zaidi ya miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2020. Serikali ikaupita uchaguzi huo, na mwaka 2024 likaja wimbi la sheria mpya za uchaguzi, tume ikapewa jina jipya lenye neno "Huru", na 41(7) ikabaki imekaa pale pale kama jiwe la mpaka.

Halafu ikaja Oktoba 29, 2025. Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliondolewa. Siku ya kura vurugu zikazuka, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza yaliyotokea, kwa hiyo mtu asiniambie nazua. Swali langu ni moja. Mtanzania aliyeamini kwamba uchaguzi ule haukuwa halali, alipaswa aende mlango gani? Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wa Katiba, na Arusha ilikuwa imeshasema miaka mitano nyuma ufunguliwe. Sisemi kesi ingezuia kila risasi. Nasema mwenye mlango wa kubisha hodi ana sababu moja zaidi ya kutokuwa barabarani.

Majirani wamelipa kujifunza hilo. Kenya mwaka 2007 wapinzani walikataa kwenda mahakamani kwa sababu hawakuziamini, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Wakaandika Katiba mpya mwaka 2010, wakaunda Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikafuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Malawi, ng'ambo tu ya ziwa ukisimama Mbamba Bay, majaji walifuta uchaguzi wa rais Februari 2020 na ukarudiwa. Nchi hazikuanguka. Wavuvi waliendelea kuvua.

Serikali yetu ilijibu vipi hukumu za Arusha? Iliziba njia. Tanzania ilikuwa imetoa tamko mwaka 2010 kuruhusu mtu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika. Novemba 2019 ikaliondoa tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye likakoma. Sababu iliyotolewa ni kwamba mahakama ilikuwa inapokea kesi kinyume cha masharti ya tamko lenyewe. Haya. Lakini Rwanda ilijitoa 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikajitoa 2020, na kila mara utakuta nyuma yake kuna kesi iliyowauma wenye nchi. Kwetu walioumia zaidi hata si wanasiasa. Ni wafungwa waliokuwa wakiandika kutoka magerezani, wengine waliohukumiwa kunyongwa, wakidai hawakupewa wakili. Mlango ulifungwa kwa wote.

Na hii tabia ya kumpiga mkaguzi akisema mizani ina kasoro haikuanza kwetu. Mwaka 2006 Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga jinsi Kenya ilivyowapata wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Mkataba unasema wachaguliwe na Bunge la nchi. Kenya ilikuwa imepokea majina kutoka vyama vyake na kuyapitisha. Tarehe 27 Novemba 2006 mahakama ikatoa zuio, wabunge wale wasiapishwe. Bunge zima la jumuiya likakwama! Wakubwa walikutana siku chache tu baadaye, na kabla Desemba haijafika katikati wakawa wameubadilisha Mkataba wenyewe. Wakaongeza ngazi ya rufaa, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka ukomo wa miezi miwili ya kufungua kesi. Machi 2007 majaji wakatoa hukumu hata hivyo, wakasema ule haukuwa uchaguzi. Wanasheria wa Afrika Mashariki nao wakayashtaki marekebisho yale, na mwaka 2008 mahakama ikakubali kwamba yalifanywa bila kuwashirikisha wananchi. Ikayaacha yaendelee. Hapo majaji walinyanyua fimbo wakairudisha chini, na sijawasamehe.

Angalau mahakama ile ilibaki hai. Ya SADC, iliyokuwa Windhoek, ilithubutu kuihukumu Zimbabwe mwaka 2008 kwenye kesi ya mashamba, na mwaka 2010 viongozi wakaisimamisha. Tanzania ni mwanachama wa SADC pia, tusijitoe kwenye lawama.

Nirudi kwenye miezi miwili, kwa sababu ndiyo inayotuumiza watu wa vijijini na hakuna anayeipigia kelele. Uchaguzi wetu mkuu huwa mwisho wa Oktoba. Hesabu mwenyewe, miezi miwili inakwisha mwisho wa Desemba. Huo ndio wakati mvua zimeshaanza Ruvuma, barabara ya kwetu ni tope, na kila mtu yuko shambani. Mpaka mtu wa Lusewa apate nakala ya karatasi ya matokeo, apate wakili Songea, wakili naye apate nauli, muda umekwisha. Nani alitunga ukomo huu akimfikiria mkulima?

Pamoja na hayo, mlango huu wa Afrika Mashariki bado uko wazi, na watu hawajui. Humo mwananchi anaingia moja kwa moja, hahitaji tamko la serikali wala kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za ndani. Machi 2022 Freeman Mbowe na wenzake walipata humo hukumu kwamba baadhi ya vifungu vya sheria yetu ya vyama vya siasa ya 2019 vinavunja Mkataba. Martha Karua wa Kenya, ambaye kesi yake ya ugavana wa Kirinyaga ilizungushwa nyumbani mpaka muda ukaisha, alipewa na mahakama hiyo Novemba 2020 fidia ya dola 25,000. Ugavana hakuupata, lakini imeandikwa kwamba alinyimwa haki.

Wapo rafiki zangu watakaosema, imeandikwa, kisha? Burundi je? Kesi ya kupinga muhula wa tatu wa Nkurunziza ilifunguliwa 2015. Ikatupwa, ikarudishwa, ikatupwa tena, na ngazi ya rufaa ilipokuja kusema muhula ule ulikuwa haramu ilikuwa Novemba 2021. Nkurunziza alikuwa amekufa Juni 2020. Kweli, hukumu ile inachekesha na kuliza kwa pamoja. Lakini ugonjwa hapo ni uchelewaji, na uchelewaji una dawa. Mahakama ya ECOWAS mwaka 2015 ilipelekewa sheria ya uchaguzi ya Burkina Faso mwezi Mei, na Julai ilikuwa imeshaamua, kabla ya kura. Wakubwa wa kule waliipuuza, nakubali. Ila walipuuza mchana kweupe, kila mpiga kura akiona. Hicho ndicho nataka Arusha. Kesi za uchaguzi zisikilizwe kwanza, zimalizwe kabla ya kampeni, na hukumu iwe na tarehe badala ya "muda unaofaa".

Na tamko la 2010 lirudishwe. Hili halihitaji kura ya maoni wala mabilioni. Ni barua moja kwenda Addis Ababa. Mbunge wetu yeyote akisema anatetea wanyonge, muulizeni ameidai barua hiyo lini.

Wapinzani nanyi mnisikilize. Mnakwenda Arusha kama watu wanaokwenda kupiga picha. Siku ya hukumu mnajaa na magwanda, wiki ijayo hakuna anayefuatilia utekelezaji. Sijawahi kuwasikia kwenye mkutano wa hadhara mkimweleza mkulima hukumu ya Kambole ni nini. Mnamwimbia tu "katiba mpya", kana kwamba ni bati la ruzuku. Rasimu ya Jaji Warioba ilikuwa na mgombea huru ndani yake, mngeanzia hapo, kwa lugha ya shambani.

Na sisi waandishi tusijitoe. Mwaka 2020, nikilipwa kwa habari iliyotoka (isipotoka umekula hasara ya nauli na vocha), nilimwandikia mhariri mmoja habari ya ile hukumu ya Julai na maana yake kwa mpiga kura wa Ruvuma. Akanipigia simu: "Hiyo ya Arusha waachie watu wa Arusha, wewe nitafutie tembo walioingia mashambani." Nikamtafutia tembo. Walikuwa wameingia kweli, na habari ikatoka ukurasa wa tatu. Watu wa Lusewa walisoma habari za tembo, wakapiga kura Oktoba bila kujua kwamba kuna majaji walikuwa wamesema jambo kuhusu kura yao. Halafu leo namshangaa mtumishi wa serikali kwa kusema haziwahusu!

Jana usiku nilimpigia baba mdogo, alikuwa amepanda kwenye kichuguu kule kunakoshika mtandao. Nikamsomea haya yote, akawa anaguna tu. Nikadhani amelala. Mwisho akauliza, "Hiyo miezi miwili inahesabiwa tangu siku gani, ya kupiga kura au ya kukatwa jina?" Nikamwambia tangu siku ya kitendo unacholalamikia, au siku ulipokijua. Akasema ngoja achukue kalamu. Nikasikia akimwita mwanawe amletee tochi, na akaandika nyuma ya stakabadhi ya ghala.